Mnyoo wa mfongoni na binamu yake wa shamba la mpunga

Swali: "Shikamoo Dokta. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, nipo nyumbani Mabogini nasubiri matokeo. Mwalimu wetu alitutajia planaria kwa dakika mbili tu, kwamba ni mnyoo ambaye ukimkata kila kipande kinarudi kuwa mnyoo mzima, kisha akaendelea na mada nyingine. Mimi sikuendelea. Nimesoma kwamba kuna watu wamemaliza maisha yao yote ya kazi kwa mnyoo huyu na kwa kusoma jenomu yake, yaani maelekezo yote ya urithi yaliyo ndani ya seli zake. Baba anataka nisome famasia. Anasema hajawahi kuona mtu aliyelishwa na minyoo, ila minyoo waliolishwa na watu amewaona wengi. Je, mtu wa Moshi anaweza kuifanya hii ikawa kazi? Na jenomu ya mnyoo inasomwa ili iweje?"

Marahaba, mwanangu. Mzee wako nimempenda kabla sijamwona, maana swali lake ndilo gumu kuliko yote. Nitalifikia. Ila siwezi kuanza na mshahara nikamwacha mnyoo, kwa hiyo univumilie.

Planaria nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa au kumi, bila kujua jina lake. Kwetu Machame mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, unapita nyuma ya kihamba, shamba la nyumbani, na siku ya zamu yetu ya maji kazi ya watoto ilikuwa kuondoa majani na mawe yaliyoziba njia. Ukigeuza jiwe, chini yake unakuta kitu cha kahawia, urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho, kimetulia kama tone la chai. Halafu tone lile linaanza kutembea. Halijikunji kama kiwavi wala halijipindi kama nyoka. Linateleza tu, kama linavutwa na uzi. Bibi alisema ni watoto wa ruba. Bibi alikosea. Ruba ana pingili na ni jamaa ya nyungunyungu, huyu ni mnyoo bapa, na anateleza kwa vinyweleo vidogo mno vilivyo tumboni mwake. Ukimweka chini ya hadubini anakutazama kwa macho mawili yenye makengeza. Mdomo hauko kichwani, uko katikati ya tumbo, na anapokula anachomoa koo lake jeupe kama mrija. Njia ya kutokea taka hana. Kinachobaki kinarudi kwa mlango uleule kilioingilia.

Sasa kumkata. Tunamnyima chakula wiki nzima kwanza, kwa sababu mnyoo aliyeshiba akikatwa huchafua kila kitu na jeraha likaharibika. Tunamlaza juu ya karatasi iliyolowa maji, chini yake barafu, ili apunguze mwendo. Wembe uwe mpya. Kata moja, nyuma kidogo ya macho. Damu haitoki, kwa kuwa hana damu wala moyo. Misuli ya pembeni inavuta jeraha pale pale kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko, na ndani ya saa moja hivi ngozi nyembamba imeshafunika. Kichwa kilichokatwa kinaondoka zake, kinateleza kana kwamba hakikupoteza kitu. Kipande cha nyuma nacho hakifi. Siku ya pili au ya tatu, mahali pa kidonda panaota kichipukizi cheupe. Weupe ule ni kwa sababu tishu mpya haijapata rangi bado, na wenye kazi hii wanakiita blastema. Siku ya tano au ya sita, kama maji si ya baridi sana, vinatokea vidoa viwili vyeusi ndani ya ule weupe. Hayo ni macho. Nimeyaona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado asubuhi ya siku hiyo huwa nawahi kazini.

Watu wengi wanakishangilia kichwa kipya, mimi kinachonishangaza ni kipande cha mkia. Hakina mdomo, kwa hiyo hakiwezi kula, na bado kinatakiwa kujenga ubongo, macho, koo na mdomo wenyewe. Kinajijenga kwa kujila. Kinabomoa tishu yake ya zamani, kinatumia vifaa vyake kujenga mpya, na baada ya wiki mbili hivi una mnyoo mdogo mwenye vipimo sahihi kabisa: kichwa kinacholingana na mwili, koo mahali pake. Nani alimpa vipimo? Swali hilo ndilo limelisha maabara nyingi duniani, na unaweza kumwambia mzee hivyo.

Vifaa vya ujenzi tunavijua. Ndani ya planaria kuna seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zinazoitwa neoblasti, ambazo ni kama robo ya seli zake zote. Ndizo pekee zinazogawanyika. Ukimpiga mnyoo mionzi zikafa, hawezi tena kuota kitu na baada ya wiki chache naye anakufa. Mwaka 2011 watu wa maabara ya Peter Reddien, kule Massachusetts, Marekani, walichukua mnyoo aliyepigwa mionzi kiasi cha kutobakiwa na neoblasti hata moja, wakampandikizia seli moja tu kutoka kwa mwenzake. Seli moja. Ikagawanyika, wazao wake wakaenea mwili mzima, na minyoo kadhaa waliokuwa wa kufa wakapona. Kwa lugha ya urithi, mnyoo yule mwishowe alikuwa yule aliyetoa seli, akiishi katika umbo la yule aliyepokea.

Umesema umesoma mtandaoni, kwa hiyo bila shaka umekutana na namba 279. Wengi wanaandika kwamba planaria alikatwa vipande 279 na vyote vikaota. Sivyo. Thomas Hunt Morgan, mwaka 1898, alikadiria kwamba kipande kidogo kabisa kilichoweza kurudi kuwa mnyoo kilikuwa sawa na sehemu moja ya 279 ya mwili. Ni hesabu ya kipande kimoja. Nalitaja kwa sababu kazi hii imejaa namba nzuri zinazorithiwa bila kuguswa, na mwanafunzi anayerudi kuuliza "ilipimwaje?" namtambua mapema.

Morgan huyo aliwaacha planaria. Akahamia kwa inzi wa matunda, akafumbua mambo ya kromosomu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Simlaumu. Mnyoo alimwonyesha kila kitu isipokuwa sababu, na wakati ule hapakuwa na namna ya kumhoji zaidi: huwezi kujua jeni gani inafanya nini kwa kiumbe anayezaa kwa kujikata vipande viwili, asiye na baba wala mama wa kupandanishwa. Kazi haikufa kabisa, kwa maana huko Barcelona na Japani walikuwepo walioendelea kufuga na kukata, lakini dunia ya jenetiki ilikuwa imekwenda na inzi.

Aliyemrudisha mnyoo barazani ni kijana wa Caracas, Venezuela, Alejandro Sánchez Alvarado, akiwa na mwenzake Phillip Newmark huko Baltimore. Walihitaji planaria ambaye jenomu yake haina fujo nyingi. Planaria wengi wa maabara walikuwa na seti za kromosomu zilizoongezeka hovyo. Schmidtea mediterranea ana jozi nne tu. Mwaka 1998 wakamfuata Hispania, wakamkuta katika chemchemi ya mapambo iliyotelekezwa juu ya kilima cha Montjuïc, mjini Barcelona. Kutokana na mnyoo mmoja, kwa kukata na kungoja, wakapata ukoo mzima unaoitwa CIW4, na maabara nyingi leo zinafuga wajukuu wa mnyoo yule. Mwaka uliofuata, 1999, wakaonyesha kwamba ukimpa planaria RNA (molekyuli jamaa ya DNA) ya nyuzi mbili inayofanana na jeni fulani, jeni ile inazimwa. Siku hizi tunaichanganya kwenye maini. Mnyoo anakula chakula chake cha mchana na jeni yake inanyamaza. Mpaka 2005 walikuwa wameshajaribu jeni 1,065, moja moja, wakitazama ni zipi zikizimwa mnyoo anashindwa kuota.

Na mwaka 2008 maabara tatu, kila moja kwa njia yake, zikapata jibu la kipande cha lile swali la vipimo. Ukiizima jeni ya beta-katenini kisha ukamkata mnyoo mkia, hapaoti mkia. Panaota kichwa. Mnyoo mwenye vichwa viwili, kila kimoja kikivuta upande wake. Yaani kidonda chenyewe hakijui kitaota nini. Kinaambiwa na ujumbe wa kemikali ulioenea mwilini, na huko nyuma ujumbe huo unasema "mkia". Ukinyamazishwa, jibu la kawaida ni kichwa.

Hapo sasa naweza kukujibu jenomu ni ya nini. Bila orodha ya jeni, hujui cha kuzima. Utakuwa unapapasa gizani. Lakini kuipata orodha hiyo kwa mnyoo huyu kumekuwa shughuli.

Chukua kanga. Ichane vipande vidogo kama stempu za barua, uchanganye na vipande vya kanga nyingine hamsini za chapa ileile, kisha umwite fundi aiunganishe irudi kuwa moja. Vipande vya pindo atavipanga. Vya jina atavisoma na kuviweka mahali pake. Atakwama kwenye mji, penye madoa yaleyale mia tatu, kwa sababu kila kipande kinafaa kila mahali. Jenomu ya Schmidtea ni kanga yenye mji mkubwa: herufi karibu milioni 800, zaidi ya nusu yake ni sehemu zinazojirudia, na herufi mbili kati ya zile nne za DNA zimezidi mno. Ongeza na ute wa mnyoo, unaonata kwenye DNA kama bamia. Majaribio ya mwanzo yalitoa jenomu iliyokatikakatika vipande maelfu kwa maelfu. Kuongeza vipande vidogo hakukusaidia kitu, ilibidi kuvirefusha. Ukipata ukanda mmoja mrefu unaoanzia kwenye jina, ukapita madoa yote mpaka kwenye pindo, umejua madoa ni mangapi. Mitambo ya kusoma DNA kwa vipande virefu ilipokomaa, timu iliyokuwa na makao Dresden, Ujerumani, ikachapisha jenomu iliyounganika vizuri mwaka 2018. Mwaka huohuo makundi mawili mengine yakatoa ramani ya aina za seli za mnyoo mzima, seli moja baada ya nyingine.

Katika jenomu ile kilichonikalisha kitako ni visivyokuwepo. Kuna jeni mbili, MAD1 na MAD2, ambazo tangu hamira mpaka binadamu kazi yake ni kusimamia mgawanyiko wa seli: kromosomu zisipopangika sawasawa, hizo ndizo zinazosema "subiri". Planaria, kiumbe ambaye seli zake zinagawanyika maisha yake yote, hana hata moja. Na bado seli zake zinajua kusubiri. Jambo tulilolifundisha darasani kama nguzo ya uhai, mnyoo wa mfongoni analimudu kwa njia nyingine. Usingelijua hilo kwa wembe.

Sasa nirudi Mabogini kwenu.

Chakula cha minyoo wetu ni maini ya ng'ombe. Tunayanunua buchani kama mtu yeyote, tunatoa ngozi na mishipa, tunasaga, tunachuja, tunagandisha kwa vijipande. Miaka kadhaa iliyopita, mjini Moshi, nilikuwa nakata ini kwenye sinki nikahisi kisu kinakwaruza mrija mgumu kama wenye mchanga. Nikaupasua. Ndani kukawa na kitu bapa, cha kijivujivu, mfano wa jani la mwarobaini, kinajikunja polepole. Nikakiweka kwenye kisahani. Mwanafunzi wangu akaruka nyuma. Ilikuwa minyoo ya ini ya ng'ombe, Fasciola, nao pia ni minyoo bapa. Binamu mmoja alikuwa ndani ya chakula cha binamu mwingine. Ini lile tulilitupa, lakini tangu siku ile sikuweza tena kuitazama planaria kama kazi ya Wazungu na chemchemi zao.

Maana binamu wa tatu unamjua kuliko mimi. Skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, mpunga ukaja, na mifereji ikawapa makazi konokono wanaobeba kichocho cha tumbo. Mnyoo wa kichocho, Schistosoma mansoni, ni mnyoo bapa wa urefu wa sentimita moja hivi, dume na jike wakiishi wamekumbatiana ndani ya mishipa ya damu ya tumbo, kwa miaka mitano, kumi, wakati mwingine miongo. Anawezaje kukaa miaka yote hiyo ndani ya damu ya mtu, huku kinga ya mwili ikimpita kila dakika? Mwaka 2013 James Collins, akiwa na Newmark yule niliyemtaja, alipekua minyoo wakubwa wa kichocho kwa macho ya mtu aliyelelewa na planaria. Akakuta seli shina zinazofanana na neoblasti. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya kazi ya seli hizo ni kutengeneza upya ngozi ya nje ya mnyoo, ile inayogusana na damu yetu. Mnyoo wa kichocho hawezi kuota kichwa. Ile mashine ambayo binamu yake anaitumia kujenga mwili mzima, yeye anaitumia kubadilisha nguo.

Na hii nimekuwekea wewe na mzee wako kwa pamoja. Bila shaka shuleni ulisimamishwa kwenye ule mti wenye alama za urefu, ukahesabiwa vidonge vikubwa vichungu, ukaambiwa umeze baada ya uji. Ile ni prazikwanteli. Ni dawa nzuri, imetumika kwa miaka zaidi ya 40, lakini haiui minyoo wachanga na haizuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini, ndiyo maana mliimeza mwaka huu na mwaka mwingine. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua inamshika mnyoo wapi. Mwaka 2009 kundi la Jonathan Marchant, Marekani, walimkata planaria wa Kijapani wakamweka kwenye maji yenye prazikwanteli. Akaota vichwa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Dawa ya kichocho ilikuwa inavuruga kalsiamu ndani ya seli kiasi cha kupoteza ule ujumbe wa "mkia". Walifuata uzi huo, na 2019 kundi hilohilo likatangaza mlango kwenye utando wa seli za kichocho ambao dawa inaufungua, kalsiamu ikafurika, misuli ya mnyoo ikakakamaa. Mpaka hapo jenomu ya kichocho ilikuwa imeshasomwa miaka kumi nyuma, tangu 2009. Bila hiyo wangekuwa wanatafuta mlango kwenye nyumba isiyo na ramani.

Kwa hiyo hoja ya mzee, famasia au minyoo, naona ameigawa mahali ambapo haigawanyiki. Kama moyo wako uko famasia, nenda. Mfamasia anayeielewa prazikwanteli mpaka ndani ya seli sijakutana na wengi. Kama hauko huko, usiende kwa sababu ya hofu.

Lakini hofu yake ina ukweli, na nitamwambia bila kuficha. Tangazo la kazi linalosema "anatakiwa mtaalamu wa planaria, Arusha" sijaliona, na sitarajii kuliona. Utaajiriwa kama mhadhiri, au mtafiti wa magonjwa, au mtu wa maabara ya molekyuli hospitalini au kwenye taasisi ya mifugo, na minyoo yako utaiingiza kwa mlango wa nyuma. Mimi baada ya shahada ya uzamili nilikaa miaka miwili kwa mikataba ya miezi sita sita, mmoja ukiisha sijui kama mwingine upo. Miaka hiyo nililishwa na kuku wa mayai 120, uani. Mpelekee mzee maneno haya, yatamfurahisha.

Njia yenyewe haina siri. Shahada ya kwanza chagua inayokupa biolojia ya molekyuli kwa mikono: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na Sokoine wana bioteknolojia na sayansi za maabara. Ya pili na ya tatu unaweza kurudi nyumbani, kwa sababu Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru inafundisha uzamili na uzamivu, na Moshi kuna hospitali ya KCMC na kituo chake cha utafiti wa kitabibu. Kipindi fulani utatakiwa kutoka nje, mwaka mmoja au mitano, na hiyo ni sawa. Nenda ukiwa na swali lako. Nimewaona vijana wenye akili wakienda bila swali, wakapewa la msimamizi wao, wakarudi na shahada ya jambo ambalo hapa halina maji wala umeme wa kulifanyia.

Kitu ninachojuta ni kuchelewa kujifunza kompyuta. Nilidhani mwanabiolojia ni mtu wa koti jeupe. Leo zaidi ya nusu ya kazi ya jenomu ni kukaa mbele ya skrini nyeusi ukiandika amri, na hapo mtoto wa Mabogini na mtoto wa Boston wanakaa mbele ya data ileile. Jenomu ya planaria, ya kichocho, ya minyoo ya ini, zote ziko wazi kwenye hifadhi ya WormBase ParaSite, hulipi hata senti. Mtandao wa H3ABioNet ulianza 2016 kufundisha utangulizi wa bioinfomatiki, yaani kuchambua data za biolojia kwa kompyuta, kwa madarasa yaliyounganishwa nchi mbalimbali za Afrika, na vijana wengi niliofanya nao kazi walianzia huko. Hata mashine za kusoma DNA zimepungua ukubwa. Ipo moja inayokaa kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta mpakato. Bei ya vifaa vyake vya kila siku bado inaumiza, hilo lisikudanganye.

Usidharau pia ufugaji wenyewe. Nilipohamia Arusha nilikuja na minyoo wangu, mamia, kwenye masanduku ya chakula. Jioni nikawabadilishia maji, nikafungua bomba bila kufikiri. Asubuhi visahani vyote vilikuwa na ute tu. Mnyoo bapa akifa haachi maiti, anayeyuka. Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi nikalia, mtu mzima, kwa ajili ya minyoo. Nadhani ilikuwa klorini, dawa ya kusafishia maji, ingawa maji ya Arusha yana fluoridi yake pia, tazama tu meno yetu. Tangu hapo tunachanganya maji wenyewe: maji yaliyosafishwa na chumvi za aina sita, kila moja kwa kipimo. Na tunaweka minyoo nyumba mbili tofauti, ili bomba moja lisiue ukoo mzima.

Wakati unasubiri matokeo, fanya hivi. Mifereji ya mpunga usiingie miguu mitupu kutafuta planaria; hawapendi maji ya moto na matope, na huko utampata binamu asiyetakiwa. Panda gari asubuhi uende juu, Kibosho au Uru, kwa ndugu yeyote mwenye mfongo. Msituni usiingie, ule umo ndani ya hifadhi na una vibali vyake. Funga kipande cha ini kwa uzi, kiasi cha punje ya maharage, kiweke chini ya jiwe mahali pa kivuli maji yanapopita taratibu, rudi baada ya nusu saa. Ukiona vitu vya kahawia vimekiganda, wakung'utie kwenye chupa yenye maji ya mfongo uleule. Vaa glavu, na mahali penye konokono wengi papite tu.

Nyumbani Mabogini joto litawaua, kwa hiyo chupa iwekwe ndani ya beseni lenye maji pembeni ya mtungi, gizani. Wiki moja bila chakula. Kisha kata kumi, nyuma ya macho, na wengine kumi uwaache bila kuwakata. Maji ubadilishe kila siku mbili, yatoke mfongoni, sio bombani. Nunua daftari, uandike kila asubuhi: saa, joto la maji, wangapi wako hai, weupe umeanza kwa yupi, macho kwa yupi. Usisahau wale kumi wasiokatwa; wakifa hao, tatizo ni maji yako, na wembe hauna kosa.

Macho yakitokea niandikie siku ya ngapi. Yasipotokea niandikie pia, unitajie joto la maji.